Kicheko cha Mjane

Mie shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Kusoma na kuandika nilikupata ukubwani, kwenye ngumbaru, mtoto mgongoni na chaki mkononi. Lakini majina sisahau. Niulize nani alikaa nyumba gani pale Mbagala, enzi zile barabara bado mchanga mtupu na mikorosho imefika mpaka milangoni, nitakutajia mtu, na mama yake, na mbuzi wake kama alikuwa na mbuzi mwenye jina. Hapa sitayataja. Wengi wametangulia mbele ya haki, na aliyetangulia hawezi kukwambia "hapo umenisingizia." Nitasema mdogo wangu, nitasema kijana yule, na waliobaki watajijua.

Mjukuu wangu mmoja ana kazi ya kupokea vijana kutoka nchi za nje. Wanakuja, wanakaa na vijana wetu, wanajifunza uongozi pamoja. Siku moja alinikuta uani nachambua mchele, akaniuliza, "Bibi, enzi zenu za Ujamaa vijana walifundishwaje kuwajibika?"

Nikamwambia mafunzo siyajui, mie najua kofia moja tu. Akacheka, akadhani ni uzee. Basi naiandika hiyo kofia.

Miaka ile kila mtaa ulikuwa unajenga kitu. Wengine zahanati, wengine kisima. Kwetu ilikuwa darasa, maana watoto wetu walikuwa wanatembea mbali mno, na masika yakiingia mabonde yanajaa, wanakaa nyumbani mpaka wanasahau hata walichokuwa wamejifunza. Mzee mmoja jirani yetu, mwenye minazi, akatoa kipande cha shamba lake. Alikitoa kwa mdomo tu. "Jengeni pale. Mkimaliza mniitie mwalimu nimwone sura." Hapakuwa na hati wala muhuri, neno la mzee ndilo lilikuwa hati.

Ikaja kambi ya vijana wa kujitolea. Wa kwetu walitoka Temeke na Kinondoni, wengine bara huko. Wa nje walitoka nchi za baridi, na wasichana wawili walitoka nchi jirani ambayo bado ilikuwa inapigania uhuru wake. Hao wawili hawakuwa watu wa kucheka ovyo. Wote wakalala kwenye mabanda ya makuti, wakala chungu kimoja, na mpishi wa chungu hicho ni mie.

Kiongozi wa kambi alikuwa mdogo wangu wa kike, tumbo moja. Alikuwa amesoma kunizidi, ana sauti, na tofali anabeba kama wavulana. Wazee wa mtaa walimkubali kwa shingo upande. Mmoja akamwambia mbele ya watu, "Haya binti, tuone. Darasa likisimama kabla ya masika tutasema msichana anaweza. Lisiposimama, usije ukatusumbua tena mikutanoni."

Mdogo wangu akajibu, "Sawa, babu." Akatoka pale ametulia kama maji mtungini, akaja mpaka jikoni kwangu, akainama nyuma ya kuni, akatapika.

Mwanzoni alikuwa kiongozi wa amri. Fanya hiki, acha kile, nani kakwambia uweke ndoo hapo. Vijana wa nje walikuja na desturi yao: kila jioni kabla ya kula wanakaa duara, kila mmoja anasema leo kumekwenda vipi na yeye kakosea wapi, na anayeanza kusema ni mdogo kuliko wote. Wavulana wetu waliona ni wazimu. Mdogo aseme, mkubwa asikilize? Mdogo wangu naye hakupenda, ila walimwomba kwa adabu akashindwa kukataa. Mie nikawa napakua ugali huku nasikiliza. Baada ya muda nikaona anapunguza amri, maana alikuwa anazisikia jioni zikirudi kwenye vinywa vya wengine.

Sasa kijana yule. Alikuwa mrefu, mwembamba, ngozi inaungua jua asubuhi mpaka jioni imekuwa kama kamba wa kuchemsha. Kazi hakatai. Kitu chochote ukimpa anapokea kwa mikono miwili, tulimfundisha hivyo akashika kuliko sie wenyewe. Shikamoo alikuwa anawapa mpaka watoto, watoto wanajibu "marahaba" na kukimbia wakicheka. Kwao alikuwa amefundishwa kwamba mtu akiona ubaya akanyamaza, naye kaufanya. Hilo alilisema kwenye duara, na wote tukaona ni neno zuri.

Mzee mwenye shamba alimpenda. Alimwita Mnazi. Kila asubuhi alikuja kukagua kazi, kanzu imekunjwa kiunoni, mguu wa kushoto anauburuta, fimbo mkononi. Anagonga tofali moja, anasikiliza, anagonga la pili, halafu anauliza, "Hili nalo tofali, au andazi?" Kila siku swali hilo hilo. Kijana yule alichukua muda kulielewa, na siku aliyolielewa alicheka mpaka akakaa chini, na mzee akaondoka amefurahi kama amepewa zawadi.

Mzee akafariki kuta zikiwa usawa wa dirisha.

Vijana wa siku hizi utani mnausikia kwenye redio tu, kwa hiyo nieleze kidogo. Sie Wazaramo watani wetu ni Wanyamwezi, tangu enzi za babu zao kushuka pwani na mizigo vichwani. Mtani anakutukana barabarani nawe unamtukana, na hakuna anayekasirika. Ukifa, mtani ndiye wa kwanza kufika. Anachota maji, anapika, anaosha vyombo, na katikati ya kilio anamwigiza marehemu, anamsema ubahili wake, anazuia watu wasipite mpaka apewe kitu. Hapo penye maumivu kabisa ndipo anapochekesha. Ni kazi, na si kila mtu anaiweza.

Mtani wa mzee yule alikuwa bibi mmoja wa Kinyamwezi, mfupi, mpana, muuza ugoro. Miaka yote wakipishana njiani bibi anamwambia, "Mzaramo, bado hujafa tu? Nina njaa ya pilau lako." Na mzee anajibu bila kugeuka, "Nitakuzika wewe kwanza, mpagazi mkubwa."

Siku ya msiba kambi ilisimamisha kazi. Mdogo wangu akawagawa vijana: hawa wakachimbe kaburi, hawa maji, wewe Mnazi peleka kuni uani kwa wanawake. Mie nilikuwa uani huko huko, kwenye masufuria.

Mjane alikaa mlangoni pa chumba chake, mgongo umeegemea kizingiti. Tangu alfajiri hakuwa amelia. Hakula, hakusema, macho makavu kama jiwe, na wanawake tulikuwa tunatazamana kwa wasiwasi, maana kilio kisichotoka kinamrudia mtu. Ndipo bibi mtani akatoka chumbani amevaa kanzu ya marehemu na kofia yake, kofia ile ya kushona kwa mkono. Mguu wa kushoto anauburuta. Akazunguka uani akikohoa kama mzee, akapekua ungo wa mchele, akasema kwa sauti ya mzee, "Nani kapika wali mwingi hivi? Mnataka kunifilisi, na bado niko hapa hapa?"

Nikamwona mjane anauma midomo. Bibi akamsogelea, akamwinamia: "Na wewe mke wangu, usiolewe na mwenye meno. Mie nilikuwa sina, uliniona nakusumbua kwa nyama?" Mjane akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini ni kicheko, na mabega yakaanza kulegea.

Kijana yule akaingia na mzigo wa kuni wakati ule ule. Akaona mwanamke kavaa nguo za maiti anamwigiza. Akautua mzigo taratibu. Akaenda mpaka kwa bibi, akamvua kofia kichwani, hakunyang'anya kwa nguvu, aliivua kama mtu anayemvua mtoto. Halafu akapiga magoti mbele ya mjane, akaiweka mapajani pake kwa mikono miwili.

Adabu ile mpaka leo sijaiona tena. Na palepale mjane akanyamaza. Uso ukafunga. Akaishika ile kofia, akaitazama, akaingia nayo ndani, pazia likashuka.

Bibi akavua kanzu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mkeka.

"Basi," akasema. "Msiba huu hauna mtani." Akachukua kikapu chake akaondoka.

Tulizika bila mtani. Hakuna mzee aliyekumbuka jambo kama lile. Waliporudi kutoka makaburini, mtoto mkubwa wa marehemu, mwanamume mzima wa kazi za bandarini, akamwita mdogo wangu pembeni. Mie nilikuwa karibu, niliyasikia yote.

"Baba alitoa shamba kwa watu aliodhani wanamjua," akasema. "Hawa msiba wenyewe hawaujui. Kazi isimame. Kuta hizo mtabomoa wenyewe."

Mdogo wangu akahesabu kwa vidole. Ilikuwa imebaki miezi miwili na kidogo mvua zianze.

Jioni ile duara lilikaa. Kijana yule alikuwa ameelezwa, na alikuwa anatazama mikono yake. Alisema tu, "Nilifikiri ninalinda heshima." Msichana mmoja wa nje akapendekeza watu wote waitwe mkutanoni, asimame aombe radhi mbele ya mtaa. Wavulana wetu wakaguna. Mmoja akasema, "Mtani haombwi radhi, dada. Ukimwomba radhi umemwambia si mtani wako tena, ni mtu baki. Hilo litakuwa tusi la pili." Yeye alitaka kijana ahamishwe kambi nyingine, apelekwe bara, mambo yapoe. Wengi wakaunga mkono, na nikamwona mdogo wangu naye anakubali kwa kichwa. Ilikuwa njia rahisi.

Kisha akakumbuka. Akamtazama yule mdogo kuliko wote, mmojawapo wa wasichana wa nchi jirani. "Tumekosea utaratibu," akasema. "Wewe ndiye ulikuwa uanze. Unasemaje?"

Yule msichana Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Akasema, "Kwetu, mtu avunja nyumba, mtu huyo ajenga. Akienda, nani ajenge?"

Mdogo wangu akamgeukia kijana yule. Halafu akasema, "Haondoki mtu. Na mie ndiye niliyemtuma uani, sikumwambia atakuta nini. Kesho tunakwenda kwa bibi, mie na yeye. Lakini kwanza ajue kutukana."

Basi jikoni kwangu pakawa shule. Nikamkalisha kwenye kigoda. "Haya, nitukane."

Akafikiri sana. "Dada, ugali wako jana ulikuwa mgumu kidogo. Samahani."

"Hapo umenitukana, au umeomba mchuzi?"

"Sijui. Kwetu mtu mkubwa hatumwambii hivyo."

"Hata kwetu. Ndiyo maana mtani ni mmoja tu." Mdogo wangu akamwonyesha, akanigeukia mie: "Wewe dada, pua kama kifuu, ukilala inavuja." Nikamjibu ya kwake, siiandiki hapa. Kijana akatutazama kama watu wanaopigana, na sie tunacheka mpaka kuni zinazima. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuona.

Tulikwenda watatu. Bibi alikuwa nje kwake anasaga tumbaku juu ya jiwe, wala hakuinua uso.

"Shikamoo, bibi," kijana akasema. Mdogo wangu akafumba macho.

"Marahaba ya kumpa mnyang'anyi sina."

Kijana akafuta jasho. Yote tuliyomfundisha yalikuwa yamekimbia, niliyaona yanakimbia. "Mnyamwezi," akasema, "bado hujafa tu? Nina njaa ya… ya maharage yako."

Bibi akasimamisha jiwe. "Maharage? Kwenye matanga yangu mie mtakula maharage?"

"Wewe ni mpagazi," kijana akasema kwa upole kabisa. "Mchele utatoa wapi?"

Bibi akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika. "Kuku huyu wa kunyonyolewa," akasema, "nani kamfundisha maneno ya marehemu?" Akatucheka wote watatu mpaka akapaliwa na ugoro. Kisha akajifuta, na sauti ikabadilika.

"Sikia, mjukuu. Mie kunivua kofia si kitu, nimetukanwa tangu Tabora mpaka pwani. Ulichochukua si changu. Yule mwanamke nilikuwa nimempata. Angecheka tena kidogo, na nyuma ya kicheko machozi yangeteremka yenyewe. Wewe ukamfungia mlango. Hajalia mpaka leo, unajua? Sasa kamrudishie."

"Nimrudishie nini, bibi?"

"Kicheko. Siku ya arobaini. Utavaa wewe."

Mdogo wangu akaenda kwa yule mtoto mkubwa, kuomba kofia na kuomba muda. Yule bwana akamsikiliza mpaka mwisho. "Na mama asipocheka?"

"Asipocheka, nguzo ya kwanza ya kambi nitaing'oa mie. Na mikutanoni hamtaniona tena."

"Unaweka maneno hayo mikononi mwa mzungu asiyejua hata kusalimia?"

"Mgeni wangu, kaka. Kosa lake langu."

Siku zile mdogo wangu alikonda. Kijana yule hakumwuliza afanye nini, na yeye hakumwambia. Nilimshauri amfundishe maneno ya kusema, akakataa. "Nikimpa maneno, atakayechekesha ni mie," akasema. Naona hilo lilimgharimu kuliko tofali zote alizobeba, yeye mtu wa kusema fanya hivi.

Arobaini ikafika. Wanaume wakasoma hitima mbele, pilau likaliwa. Mjane alikuwa bado yumo edani, nyuma ya pazia la chumba chake, wanawake tumejaa uani. Bibi mtani akagonga sinia kwa kijiko. "Yuko wapi yule bahili? Watu wameshiba, lazima roho inamuuma huko aliko."

Kijana akatokea upande wa bafu la makuti. Mzee alikuwa mfupi, kwa hiyo kanzu iliishia kwenye ugoko, na kofia imekaa kichwani kama kifuniko cha birika. Wanawake wengine wakaanza kucheka, lakini hicho kilikuwa kicheko cha kumcheka yeye, na bibi akawatazama wakanyamaza. Kijana akaanza kutembea. Mguu wa kushoto anauburuta. Hakuwa anajifanya mzee yeyote tu, alikuwa yule. Namna ya kusimama kwanza kabla ya kupiga hatua, namna ya kukunja kanzu kiunoni kwa kidole kimoja. Wiki zote zile alikuwa amemtazama, kumbe.

Akagonga sufuria kwa fimbo, akasikiliza. Akagonga mafiga, akasikiliza. Akanijia mie niliyeshika sinia la maandazi niliyoyakaanga asubuhi, akaliinamia, akaligonga moja, tena kwa uangalifu.

"Hili nalo andazi," akauliza, "au tofali?"

Mpaka leo sijui kama alikosea au alikusudia. Mdogo wangu alikuwa amesimama penye mlango wa uani, mkono umeshika nguzo.

Kicheko kikatoka nyuma ya pazia. Hakikuwa cha puani safari hii. Mjane alicheka kwa sauti, akacheka tena, na kicheko cha tatu kikakatika katikati kikawa kilio. Alilia kilio kirefu, anamwita mume wake kwa jina la utotoni ambalo wengi wetu hatukuwahi kulisikia. Sie wote tukalia naye. Yule mtoto mkubwa, aliyekuwa amechungulia kutoka mbele, akaugeukia ukuta.

Bibi akamvua kijana kofia, mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Haya," akasema. "Sasa amekufa."

Kesho yake asubuhi yule mtoto mkubwa alikuja kambini na nguo za kazi. Akachukua ndoo ya udongo akauliza inakwenda upande gani. Mvua ya kwanza ilikuta bati limeshapigwa, na watoto wakakaa mle kusikiliza inavyopiga, ingawa mwalimu alikuwa bado hajaletwa. Yule mzee aliyemwambia mdogo wangu asiwasumbue mikutanoni hakuomba radhi wala hakumsifu. Mkutano uliofuata alijisogeza kwenye benchi, akamwachia nafasi.

Mdogo wangu aliongoza mambo mengi baadaye, makubwa kuliko darasa lile. Duara hakuliacha. Awe na viongozi, awe na wajukuu sebuleni, atasema "aanze mdogo." Tulichoka nalo.

Alifariki mwaka jana. Mie ndiye niliyekaa mlangoni, macho makavu, wanangu wananiletea chai inapoa. Mara akatoka chumbani mjukuu wa yule bibi wa Kinyamwezi, kavaa miwani ya mdogo wangu na mkoba wake begani. Akatupanga wanawake wote duara uani, akatukagua juu ya miwani. "Tumekosea utaratibu," akasema kwa sauti yake kabisa. "Aanze mdogo. Nani mdogo hapa? Si huyu aliyekufa jana ndiye mdogo? Haya mama, unasemaje, leo kumekwenda vipi?"

Pembeni yangu alikuwa binti mmoja wa nje, mgeni wa mjukuu wangu. Nikamwona uso umemgeuka, anainuka akamzuie. Nikamshika kanga.

"Bibi," akaninong'oneza, "huyu hana adabu?"

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na maneno mazuri kabisa. Lakini kicheko kilikuwa kimeshanitoka, na nyuma yake yalikuwa yanakuja yale mengine, kwa hiyo nikamvuta tu akae karibu yangu.